Petroli lita tatu, maji lita ngapi?

Kibandiko kwenye mashine ya kuvuta maji kilisema lita 500 kwa dakika. Pipa lilisema vingine.

Tulikuwa watatu kando ya mto Simiyu, upande wa Magu, mto unapokaribia kumwaga maji Ziwa Victoria: mimi, kijana wa kuwasha mashine, na mama mwenye shamba. Baada ya mwangaluka na habari za nyumbani aliniuliza bila kuzunguka, "Baba, wewe ni wa Bonde au wa halmashauri?" Bonde ni ile Bodi ya Maji inayotoa vibali vya kuchukua maji. Nikamwambia mimi ni wa mjini Mwanza tu, naandika makala, na ninachotaka kujua ni maji anayovuta kwa siku yanafika kiasi gani.

"Kiasi gani? Petroli lita tatu."

Nikang'ang'ania lita za maji. Akacheka, akamtuma kijana alete pipa la lita 200. Tukaelekeza mpira ndani, nikabonyeza saa ya simu. Sekunde 41. Tukarudia: 40, halafu 42. Hiyo ni kama lita 290 kwa dakika. Kisha tukaunga mpira wa pili kufikia nyanya za juu, pale ardhi inapoinuka kuelekea mwembe, na pipa lile lile likajaa kwa sekunde 58. Mashine ni ile ile, petroli ile ile, mto ule ule, na maji yamepungua kwa karibu theluthi kwa sababu ya mwinuko ambao mtu mzima anaupanda bila kuhema.

Aliyeandika kile kibandiko hakudanganya. Kiwandani pampu hupimwa ikiwa karibu na maji, bila mlima na bila mpira mrefu uliozibwa viraka vya tairi. Lakini tazama inavyokuwa kibandiko kikiingia kwenye ripoti. Mama huyu ana ekari moja ya nyanya, na humwagilia masaa matatu kwa siku, siku tatu kwa wiki. Kwa kipimo cha pipa anavuta mita za ujazo 157 kwa wiki, ambazo zikitandazwa juu ya ekari nzima ni kina cha milimita 39, yaani milimita tano na nusu kwa siku. Nyanya iliyoshika matunda, kwa jua la ukanda huu, inataka kama milimita tano. Hajawahi kuona jedwali lolote la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, anaangalia jani na kuchimbachimba udongo kwa kidole cha mguu, na yuko pale pale panapotakiwa. Kwa kipimo cha kibandiko angekuwa anamwaga milimita tisa na nusu, na mtaalamu angemwandika mfujaji wa maji na kumpangia semina.

Hesabu ya taifa nayo ina vibandiko vyake.

AQUASTAT, hifadhidata ya maji ya FAO, ilikadiria kwamba mwaka 2002 Tanzania ilichukua kutoka mito, maziwa na visima jumla ya kilomita za ujazo 5.18. Kilimo, mifugo ikiwamo, kilibeba 4.63, yaani asilimia 89. Namba hiyo imenukuliwa miaka nenda miaka rudi kana kwamba kuna mtu alisimama na saa kwenye kila banio la nchi hii, yaani kila kizuizi kinachopeleka maji ya mto mferejini. Ni kadirio la mezani. Ninaliheshimu, kwa sababu kadirio ni bora kuliko ukimya, ila nataka tulifungue tuone lina nini tumboni.

Njia yenyewe haina uchawi. Chukua eneo linalomwagiliwa. Zidisha kwa maji ambayo zao linahitaji baada ya kutoa mvua. Gawanya kwa ufanisi, yaani sehemu ya maji yaliyotoka mtoni ambayo kweli inafika kwenye mzizi. Namba tatu, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia makosa.

Tuanze na hitaji la zao, maana hapo ndipo sayansi ilipofanya kazi kubwa zaidi. Mwongozo wa FAO namba 56 wa mwaka 1998 unaeleza jinsi ya kukokotoa, kutokana na jua, joto, upepo na unyevu wa hewa, kiasi cha maji ambacho nyasi fupi zilizoshiba maji zingepeleka angani. Hapa Mwanza ni milimita nne hadi tano kwa siku. Halafu unazidisha kwa namba ya zao na umri wake. Mpunga ukiwa katikati ya makuzi huchukua kama 1.2. Kwa siku 120 shambani unapata karibu milimita 600, ambazo ni mita za ujazo 6,000 kwa hekta. Mpaka hapo tofauti za wataalamu si kubwa.

Mpunga, hata hivyo, hauishi kwa kile unachokunywa peke yake. Jaruba huloweshwa kwanza kabla ya kuvurugwa, na hiyo peke yake yaweza kufika milimita 200. Kisha kuna maji yanayozama. Kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi, yatazama labda milimita mbili kwa siku, na kwenye udongo wenye mchanga sita au zaidi. Toa mvua inayolifaa zao, milimita 300. Hekta ya mbuga itataka kama mita za ujazo 7,400, hekta ya mchanga kama 12,200. Sasa gawanya kwa ufanisi. Mfereji wa udongo unaotunzwa, wenye vigawa maji visivyovuja, utakupa asilimia 50. Mfereji uliomea magugu, wenye ng'ombe wanaoshuka kunywa na kubomoa kingo, utakupa 30. Hekta ya kwanza, ikibahatika mfereji mzuri, itachukua mtoni mita za ujazo 14,800. Hekta ya pili, ikiangukia mfereji mbaya, itachukua zaidi ya 40,000. Ni mpunga ule ule, msimu ule ule, pengine kata ile ile. Sasa mtu akiniambia "hekta ya mpunga ni mita 15,000", namuuliza udongo gani na mfereji wa nani.

Eneo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu linaonekana rahisi. Mwaka 2002 eneo lenye miundombinu ya umwagiliaji lilihesabiwa karibu hekta 184,000. Gawanya zile kilomita 4.63 kwa eneo hilo, upate mita za ujazo kama 25,000 kwa hekta, mifugo ikiwa sehemu ndogo tu. Kufikia 2022 serikali ilikuwa inataja zaidi ya hekta 700,000, na lengo lililowekwa lilikuwa kufika milioni 1.2 ifikapo 2025. Ukizidisha 700,000 kwa zile 25,000 unapata kilomita za ujazo 17.5. Ukisema hapana, tuwe wapole, tuweke 10,000 kwa hekta, unapata saba. Pengo kati ya majibu hayo mawili ni mara mbili ya maji yote yaliyokadiriwa kuchukuliwa nchi nzima mwaka 2002. Na hujatoka ofisini.

Halafu hekta yenyewe ni ipi? Skimu iliyojengwa kwa hekta 200 inaingia kwenye orodha na hekta zake 200. Banio likijaa mchanga, mfereji mkuu ukikatika mita mia tano kutoka mwanzo, wanaolima kwa maji ni wale wa juu tu, hekta 60 kwa kukisia. Orodha haijui. Upande wa pili, mama wa Simiyu na majirani zake hawamo kwenye orodha yoyote, kwa sababu hawana skimu, hawana banio, wana mashine ya inchi mbili inayolala ndani pamoja na kuku. Kwa hiyo orodha inahesabu maji yasiyotoka na kuacha yanayotoka. Ukiniuliza kama makosa hayo mawili hufutana, sioni kwa nini yafutane.

Na hapa Usukumani kuna jambo jingine ambalo mgeni hulikosea siku ya kwanza. Panda kilima chochote Kwimba au Misungwi baada ya mvua za Januari, uangalie chini. Utaona majaruba yanang'aa kama vioo vilivyopangwa, na utaapa kwamba kuna skimu kubwa. Hakuna. Ni maji ya mvua yaliyoteremka kutoka luseni, ule mchanga wa juu, yakanaswa na matuta kwenye itogolo, ule udongo mgumu wa chini ya mteremko, na kandokando ya mbuga. Mpunga mwingi wa kanda hii umelelewa hivyo tangu zamani, bila mtu kufungua lango la mto wowote. Anayechora ramani kwa picha ya setilaiti akiyapaka rangi ya umwagiliaji na kuyazidisha kwa mita 15,000, atakuwa amebuni mto ambao haupo. Mimi naona majaruba yapewe safu yake kwenye daftari, maana maji yanayonaswa pale mengine yangefika mtoni, lakini yasiitwe maji yaliyochukuliwa.

Wapo wanaosema tuache kubahatisha, setilaiti zitatuambia. Zinasaidia, sibishi. FAO ina mfumo wake wa WaPOR unaokadiria kwa picha maji yanayopanda hewani kutoka mashambani, na kwa bonde ambalo halina vipimo vya ardhini hiyo ni neema. Ila setilaiti inaona maji yanayoondoka kwenda juu. Haioni mfereji ulimeza kiasi gani njiani, haioni maji yaliyovuka jaruba la mwisho yakarudi mtoni. Yaliyochukuliwa ni kitu kimoja, yaliyopotea hewani ni kingine, na katikati yake kuna maji yanayorudi, ambayo jirani wa chini huyachota tena na kuyahesabu upya kama yake. Mtu akijumlisha mabanio yote ya mto mmoja anaweza kupata maji mengi kuliko mto wenyewe. Ndiyo maana pia huwa nasita ninaposikia kwamba kusakafia mfereji "kutaokoa" nusu ya maji. Kama nusu hiyo ilikuwa inazama na kuibukia kwenye visima vya wa chini, hatujaokoa. Tumehamisha.

Na ziwa? Swali hili huulizwa kila mara: mnahangaika nini na lita, na ziwa lile pale? Basi tupige hesabu. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800. Milimita moja ya ziwa zima ni mita za ujazo milioni 68.8. Ukilima mpunga hekta 10,000 kwa maji ya ziwa, kwa mita 15,000 kila hekta, umeteka milioni 150, na ziwa limeshuka milimita mbili na kidogo. Jua linakausha karibu milimita nne za ziwa hilo kila siku iendayo kwa Mungu. Msimu mzima wa mpunga wako ni sawa na mchana mmoja ambao jua limefanya kazi yake kwa kujivutavuta. Ziwa hujazwa zaidi na mvua inayoangukia juu yake lenyewe, kama asilimia 80 ya yote yanayoingia, na limepanda lenyewe mwaka 2020 na tena 2024 mpaka likameza bustani za watu pwani yote hii.

Kwa hiyo anayechukua ziwani moja kwa moja, kwa leo, hamnyimi mtu maji. Anatumia umeme au mafuta, basi. Hesabu inakuwa kali unapoondoka ziwani na kuingia mtoni, na unapoacha kuhesabu kwa mwaka ukahesabu kwa mwezi. Simiyu ni mto wa msimu. Kiangazi hushuka hadi kubaki madimbwi. Tuseme kuna mashine 200 kama ya yule mama, zote zimewashwa asubuhi moja ya mwezi wa nane, kwa sababu kila mtu humwagilia kabla jua halijawa kali. Hizo ni lita 58,000 kwa dakika, karibu mita moja ya ujazo kila sekunde. Kwa mwaka mzima kiasi hicho ni tone, kinapotea kwenye desimali. Kwa asubuhi ile ndicho mto wenyewe, na wa chini ataamka akute mchanga. Takwimu ya mwaka mmoja kwa bonde zima haina mahali pa kuandika ugomvi huo.

Kuna namba nyingine inayopendwa kwa sababu iko tayari kwenye faili: vibali. Kwa sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji, anayechukua maji kwa umwagiliaji anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lake, kinachotaja kiasi. Ni jambo zuri na ningependa kila skimu iwe nacho. Lakini kibali kinasema unaruhusiwa kuchukua kiasi gani. Mwenye kibali asiye na kipimo kwenye banio hajui mwenyewe kama amevuka au hajafika hata nusu, na kujumlisha vibali vyote kisha kuita jibu "matumizi" ni kama kujumlisha leseni za udereva ili kujua magari yametembea kilomita ngapi.

Kuuliza watu nako kuna miiba. Rudi kwenye swali la mama: wa Bonde au wa halmashauri? Wa Bonde ana ada. Wa halmashauri ana ushuru. Na kuna wa tatu hakumtaja, wa mazingira, mwenye zile mita 60 kutoka ukingo wa maji ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda dhidi ya shughuli za kudumu au zenye madhara. Mtu mwenye daftari ufukweni hajawahi kuleta habari njema. Basi mkulima atajibu kwa kupima uso wa anayeuliza: akihisi kodi, ekari zinapungua, akihisi mbolea ya ruzuku, zinaongezeka. Ukimuuliza lita za maji atakutajia namba yoyote umwondokee. Ukimuuliza lita za petroli atakujibu sawasawa mpaka senti, kwa sababu zimemtoka mfukoni.

Hapo ndipo ninapoona njia ya bei rahisi. Pima kwa pipa mashine chache za kila aina, kila eneo, zikiwa kazini pamoja na mipira yake na mlima wake. Kisha uliza petroli. Ile ya Simiyu inatoa kama mita 17 za ujazo kwa lita moja ya mafuta. Kwa mashine za umeme kazi ni nyepesi zaidi: kunyanyua mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita kumi, pampu ikiwa na ufanisi wa nusu, kunakula uniti 0.055 hivi, maana yake uniti moja ya LUKU inapandisha mita za ujazo 18. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Kenya, skimu za Ahero inayovuta mto Nyando na West Kano inayovuta ziwani, wamelia na bili za umeme kwa miaka mingi, na katika kile kilio kuna kumbukumbu nzuri ya maji kuliko makadirio mengi. Kwenye mabanio ya mto, rula ya chuma iliyosimikwa ndani ya mfereji na katibu wa skimu anayeisoma asubuhi na jioni inatosha kuanzia. Kipimo kibovu kinachosomwa kila siku nitakichukua mbele ya mtambo wa kisasa uliofungwa siku ya uzinduzi na kuachiwa buibui.

Fedha zipo zaidi ya zamani. Bajeti ya umwagiliaji iliruka kutoka shilingi bilioni 46.5 mwaka 2021/22 hadi bilioni 361.5 mwaka uliofuata. Rula haifiki hata desimali ya bilioni hizo.

Na kuna meza kubwa inayosubiri namba zetu. Makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri yalikataza kazi yoyote ya umwagiliaji kwenye Nile na maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, ambayo ingepunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Mwalimu Nyerere aliyakataa mara tu baada ya Uhuru. Mkataba wa 1959 ukagawa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, sisi wa juu tukiwa hatukutengewa kitu. Oktoba 13, 2024, mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, ambao Tanzania imeuridhia, ulianza kazi, na msingi wake ni matumizi ya haki na yanayofaa. Misri itakaa mezani na hesabu ya kila lango la bwawa lake la Aswan. Sisi tukienda na hekta zilizozidishwa kwa mita za kubuni, tutaonekana ama wezi ama watu wasio na haja na maji.

Nilirudi Magu miezi kadhaa baadaye. Ile mashine ya petroli imeuzwa. Mama amefunga pampu ya sola, na kusema kweli nilifurahi kwa ajili yake kabla ya kusikitika kwa ajili ya hesabu yangu, kwa sababu jua halina risiti. Nikamuuliza sasa anapimaje. Akanionyesha kivuli cha mwembe: kikifika kwenye jiwe lile, kijana anazima.

"Na kikifika kabla nyanya hazijashiba?"

"Basi tunasogeza jiwe, baba."

Pipa lilikuwa bado lipo, limepata kutu pembeni. Saa nne asubuhi lilijaa kwa sekunde 95. Saa sita na nusu, kwa 52. Kisha wingu likatoka upande wa ziwa, maji yakawa uzi, na nikasimama pale na saa mkononi, dakika ya tatu inaingia, pipa halijafika nusu.